Swaumu na Mgeni wa Alasiri

Swaumu binti Mwinjuma alianza kumsoma Zahoro Matano kwenye karatasi za vitumbua.

Alikuwa bado msichana wa shule ya msingi huko Maneromango. Njiani kwenda shule palikuwa na mama mmoja aliyekaanga vitumbua chini ya kibanda cha makuti, na mama huyo alikuwa ameokota kitabu mahali, kitabu kisicho na jalada. Hakuwa na haja ya kukisoma, alitaka karatasi zake tu. Kila mteja alichaniwa ukurasa wa kufungia. Siku ya kwanza Swaumu alipomaliza kula aliikunjua karatasi iliyolowa mafuta, akasoma habari ya mwanamke aliyekuwa peke yake nyumbani saa ya alasiri. Jua linawaka, kuku wanachakura uani, sufuria iko jikoni inatokota. Mwanamke akasikia hodi mlango wa nyuma. Sauti ya mwanamke mwenzake. Akaitika karibu. Hakuna aliyeingia. Ukurasa ukaishia hapo.

Kesho yake Swaumu alifika kibandani kabla moto haujashika vizuri.

"Mama, naomba unifungie kwa ule ukurasa unaofuata."

"Unaofuata wapi?"

"Huo wa juu. Kitabuni."

Mama vitumbua akamtazama, akacheka, akamchania. Tangu siku hiyo Swaumu alikuwa anakula vitumbua hata kama hana njaa. Kurasa zilizokwenda kwa watu wengine alizifuata. Aliwaomba wenzake darasani, akaziokota njiani, akazikausha juani na kuzipanga chini ya mkeka wake. Hadithi ikawa na mashimo kama nguo iliyoliwa na panya, lakini ilisomeka. Yule mgeni alikuwa anarudi kila alasiri. Anabisha mlango wa nyuma. Haingii. Na kila akiondoka, kitu kimoja ndani ya nyumba kinakuwa hakipo mahali pake.

Kisha Swaumu akaugua malaria. Alipopata nafuu na kurudi kibandani, vitumbua vilikuwa vinafungwa kwa gazeti. Kitabu kilikuwa kimekwisha, na ukurasa wa mwisho umekwenda na mteja asiyejulikana. Kwa hiyo hakujua yule mwanamke alipatwa na nini, na jina la kitabu lenyewe, *Mgeni wa Alasiri*, alilijua miaka mingi baadaye alipolikuta limetajwa nyuma ya kitabu kingine cha Matano.

Watu wengi wanaopenda hadithi za kutisha wanapenda usiku: bundi, makaburi, taa inayozimika. Matano hakuwa mtu wa usiku. Mambo yake yalitokea mchana kweupe, saa ambazo wanaume wako shamba, watoto wako shule, na mji umetulia kiasi kwamba unasikia korosho ikidondoka. Ndiyo maana aliogopwa. Msomaji wake hakuweza kujiambia ngoja kupambazuke, kwa sababu kulikuwa kumeshapambazuka.

Swaumu alipoolewa na Hashiru, dereva wa lori la mchanga, wakahamia Visiga. Walijenga nyumba ndogo nyuma ya maduka ya barabara ya Morogoro. Mbele palikuwa na njia ya mtaa, na nyuma palikuwa na kishamba cha mihogo kinachopakana na uwanja wa jirani. Swaumu akafungua kibanda cha kushona barabarani: sare za shule, madera, mashati ya harusi. Hashiru hakuwa msomaji, lakini alijua ugonjwa wa mkewe. Kila akienda Kariakoo kutafuta vipuri alipita kwa wauza vitabu vya mitumba, akirudi anamrushia kimoja mapajani.

"Haya, mtu wako huyo. Mimi usiniamshe kuniambia umesikia kitu."

Hivyo ndivyo alivyompata Matano mmoja mmoja. Alisoma *Kinu cha Mchana*, kinu kinachosikika kikitwanga kwenye nyumba iliyohamwa. Alipokuwa na mimba ya Wema, akaanza *Watoto wa Kuhesabu*. Humo mna mama anayewahesabu wanawe wanaporudi kutoka kisimani, anakuta amezidi mmoja. Wote wanamwita mama, wote anawajua kwa majina, wala hawezi kusema yupi si wake. Swaumu alifika katikati akakifunga. Alikitoa nje ya nyumba, akampa fundi mwenzake, na Wema alipokuwa ameshaanza kutembea akaenda kukiomba tena. Safari hii alikimaliza, akalia, kwa sababu yule mama aliamua kuwalea wote na asiulize tena.

Alivyozidi kuwa mtu mzima ndivyo woga wake ulivyobadilika. Zamani aliogopa mlango. Sasa alimhurumia aliye ndani ya nyumba. Vitabu vilipoacha kuonekana madukani, Matano akahamia kwenye gazeti la kila wiki, na gazeti lilipokufa, Wema, ambaye sasa alikuwa na kazi ya ofisi mjini Dar es Salaam, akamuunganisha mama yake na kundi la simu ambalo Zahoro Matano alikuwa anatuma hadithi zake kila Ijumaa, sehemu kwa sehemu. Swaumu alikuwa anazisoma mguu ukiwa kwenye cherehani.

Halafu Hashiru akafa. Alilalamika kichwa asubuhi, akaliegesha lori pembeni ya barabara, akainamia usukani. Waliofika walidhani amesinzia. Akazikwa Visiga, na Swaumu akakaa eda.

Wakati wa eda ndipo alipoijua nyumba yake mwenyewe saa ya alasiri. Miaka yote hiyo, saa hizo alikuwa kibandani kwake, kelele za magari zikimzunguka. Hakuwa amewahi kuusikia ukimya wa nyuma ya nyumba, pale jua linapoanza kuinamia mihogo na bati linapolialia kwa joto. Alikuwa ameshaswali, amekaa mkekani na tasbihi, alipoisikia.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya mwanamke. Ilitoka mlango wa nyuma. Haikuwa kubwa, wala haikuwa ya haraka.

Swaumu alifungua kinywa kuitika karibu, na neno likamkwama. Akasikiliza. Hapakuwa na nyayo, hapakuwa na kikohozi. Baada ya muda, kuku waliokuwa wametulia wakaanza tena kuchakura, naye akajua kwamba aliyekuwapo hayupo tena.

Alijiambia ni majonzi. Mfiwa husikia mengi. Lakini kesho yake ikaja tena, na siku nyingine ikapita kimya, kisha ikarudi. Daima ni saa ileile, daima ni hodi moja tu. Swaumu akaanza kufanya jambo ambalo aliona aibu nalo: kila sauti ikiisha, alikwenda kukagua vitu vya ndani. Mkasi upo. Kofia ya Hashiru ipo msumarini. Picha ya harusi ipo. Alikuwa anatafuta kilichoondoka, kama kwenye kitabu, na kutokikuta hakukumtuliza hata kidogo.

Wema alipopiga simu alimwambia, "Mama, ukimaliza eda uje ukae kwangu. Na hizo hadithi zako uziache kwanza. Zinakuharibu."

Pengine Swaumu angekubali kwamba ni hadithi. Aliyemzuia kukubali ni jirani yake, Mama Elinipa, Mpare aliyehamia Visiga kutoka Same, mama wa kanisani asiyesoma hadithi za namna hiyo wala kuzisikiliza. Siku moja alimletea Swaumu bakuli la kunde, akakaa kidogo, akazungumza habari za mvua, kisha akasema:

"Mama Wema, samahani kwa kuingilia. Yule mgeni wako anayekuja jioni jioni, mbona humfungulii?"

"Mgeni gani?"

"Yule mama mtu mzima. Anapita kwenye mihogo, anasimama hapo kwenye mlango wako wa nyuma. Nilidhani mmekosana. Nikasema ngoja, mambo ya ndugu."

"Umemwona uso?"

"Uso hapana. Mimi nakuwa kule kwangu naanika nguo, namwona mgongo. Lakini hodi yake naisikia. Ana adabu. Anapiga moja tu, anangoja, anaondoka zake."

Mama Elinipa alipoondoka, Swaumu alikaa na lile bakuli mapajani mpaka kunde zikapoa. Alikuwa na swali moja tu kichwani, la kitoto, na lilimtia hasira kwamba ni la kitoto. Alitaka kujua kitabu kile kiliishaje. Kama mgeni wa karatasi za vitumbua amemfuata hadi Visiga, basi angalau ajue aliyemfungulia alipatwa na nini, na asiyemfungulia je.

Akachukua simu, akamwandikia Zahoro Matano kando ya kundi. Alimwamkia, akajitaja, akaeleza kwamba tangu utoto anautafuta mwisho wa *Mgeni wa Alasiri*. Sababu hakuisema. Jibu likaja siku hiyohiyo.

"Mwisho wa kitabu hicho sipendi kuusema kwenye simu. Nipo Kisarawe, njia ya kwenda Maneromango. Ukishavuka mji uliza kwa Matano. Njoo mchana."

Eda ilipokwisha, safari yake ya kwanza ikawa hiyo. Alishuka Kiluvya, akachukua bodaboda ikashika njia ya vumbi inayotokea Kisarawe, ikapanda na kushuka vilima, mikorosho huku na mananasi kule. Baada ya mji kuisha akaanza kuuliza. Muuza duka mmoja alimtazama mtandio wake mweusi, akasema kwa upole, "Kwa mzee Matano? Unakwenda kuzuru? Nyoosha hivyo, nyumba ya bati jekundu."

Swaumu alishukuru, neno lile likampita bila kulishika.

Kwenye nyumba ya bati jekundu alimkuta bibi mmoja mwembamba amekaa barazani anamenya mihogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa Visiga?"

"Ndiye mimi. Mzee Matano nimemkuta?"

"Umemkuta. Hayuko mbali." Bibi akaweka kisu, akapangusa mikono kwenye kanga. "Njoo nikuoneshe."

Wakazunguka nyumba. Nyuma, chini ya mkorosho, palikuwa na kaburi lililojengewa, limefagiliwa vizuri. Jina lilikuwa limechorwa kwenye saruji kwa ncha ya msumari: Zahoro Matano. Saruji ilikuwa imeshaota ukungu wa kijani wa misimu mingi.

Kulikuwa na jua kali, na Swaumu alisikia baridi. "Bibi," alisema, na sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine, "mimi nimemwandikia hivi karibuni. Akanijibu. Hadithi zinakuja kila Ijumaa."

"Nilikujibu mimi," alisema bibi. "Usianguke. Shika mti."

Huyo ndiye Bi Mwamvita, mjane wa Matano. Alimrudisha barazani, akampa maji, akamweleza bila kuzunguka. Mume wake alikuwa mwalimu mwenye mwandiko mzuri. Bi Mwamvita ndiye aliyekuwa na hadithi. Akitwanga anasimulia, mumewe anakaa kwenye kigoda anaandika, na pale asipoelewa anamwambia rudia. Aliyechapisha kitabu cha kwanza alisema jina la mwanamume litauza zaidi, basi likawekwa la mwanamume, wala nyumbani hakuna aliyeona ubaya.

"Alipokufa, simu yake haikunyamaza. Mzee sehemu ya pili, mzee mbona kimya. Nikajifunza kubonyeza. Ningewaambia amekufa wangenipa pole, halafu wangesoma wapi?"

Swaumu alicheka, na kicheko kikageuka kilio, na Bi Mwamvita akamwacha alie. Walikuwa wajane wawili, kila mmoja alijua kilio hicho kinahitaji muda gani. Kisha mihogo ikawekwa mezani na chai, na Swaumu akasema kilichomleta. Safari hii alisema yote: eda, hodi, kuku, Mama Elinipa.

Bi Mwamvita alisikiliza bila kutikisika. Mwishoni akauliza, "Kurasa zako ziliishia wapi?"

"Pale anapokuta kitanda cha mtoto hakipo."

"Basi ulikosa kidogo tu. Siku ya mwisho mgeni anabisha hodi, mwanamke hafungui wala haitikii karibu. Anasema: hapa si kwako, kwako mbele. Mgeni anaondoka kweli. Mwanamke anafurahi, anatoka uani, anaanua nguo zake. Ndipo anasikia nyumba ya pili, kwa jirani yake: hodi. Na jirani hajui kitu. Jirani anaitika karibu."

"Halafu?"

"Halafu kuku wa jirani wanakimbia wote upande mmoja. Basi. Kinaishia hapo."

Upepo ulipita kwenye mikorosho.

"Yule mgeni uliwahi kumwona?" Swaumu aliuliza.

"Sikumwona wala hayupo. Nimemtunga mwenyewe, nakumbuka na mpunga niliokuwa nakoboa."

"Basi anayebisha kwangu ni nani?"

Bi Mwamvita alimtazama kwa macho yaliyoanza kuingia ukungu. "Wangu nimemtunga, mwanangu. Wako sikumtunga mimi. Umemuuliza?"

Swaumu hakuwa amemuuliza. Njia nzima ya kurudi lilimzunguka jambo hilo, kwamba katika miezi yote ile hakuwahi kusema hata neno moja kwa aliye nje ya mlango.

Hakupewa nafasi ya kungoja sana. Siku iliyofuata alikuwa ameswali alasiri, amekaa mlango wa nyuma upande wa ndani, komeo limefungwa. Kupitia dirisha alimwona Mama Elinipa uani kwake anapukuchua mahindi, mjukuu wake anatambaa kwenye mkeka kando yake. Nyumba ile ndiyo iliyofuata. Kutoka mlango wa Swaumu, ukivuka mihogo, mbele ni pale.

Kuku wakanyamaza.

"Hodi."

Neno lilikuwa tayari ulimini, jepesi, neno moja tu: mbele. Aliseme, na alasiri zake zitulie. Alikiri baadaye kwamba alilitaka sana, na kwamba midomo ilishaanza kujiweka tayari. Lakini alikuwa anamwona yule mtoto mkekani.

Akasema, "Nani?"

Kimya kilikuwa kirefu kiasi kwamba alidhani ameondoka. Kisha sauti ikaja, karibu sana na mbao, kama ya mtu aliyeegemeza paji la uso mlangoni.

"Hashiru yupo?"

Swaumu aliweka mkono kwenye komeo. Katika yote aliyoyawaza, hili hakuliwaza. Alijibu kwa namna ambayo mtu humjibu mtu.

"Hayupo, mama. Amefariki. Tumemzika hapahapa Visiga."

Halafu pumzi, moja, ndefu, ya mtu aliyeshusha mzigo au aliyeubeba.

"Aliacha watoto?"

"Mmoja, wa kike. Anaitwa Wema."

"Wema," sauti ikarudia polepole, kama anayejifunza. "Haya, mwanangu. Haya."

Swaumu alivuta komeo, akafungua. Jua lilimpiga usoni. Mihogo ilikuwa imesimama wima bila jani kutikisika, na mchanga wa mbele ya mlango aliokuwa ameufagia asubuhi ulikuwa na michirizi ya fagio tu. Alisimama pale mpaka akasikia Mama Elinipa anamwita kutoka upande wa pili.

"Mama Wema! Ulimwambia nini leo? Mbona ameondoka anajifuta machozi?"

"Umemwona?"

"Si huyo amepita hapa hapa? Mtu mzima, kajitanda kanga yake kama wanawake wa zamani. Anachechemea mguu mmoja. Nimemwamkia, akaitika marahaba."

Siku hiyo usingizi haukuja kirahisi, na wiki iliyofuata Swaumu alirudi Kisarawe, safari hii kwa baba mdogo wa Hashiru, mzee Halidi, anayelima korosho upande wa Maneromango. Hashiru alikuwa amelelewa na bibi yake, mama mzazi wa mzee Halidi. Habari za mama yake mwenyewe hakuwa akizisema. Mkewe alipomuuliza zamani alijibu tu kwamba aliondoka, na uso wake ukafunga mlango.

Swaumu alimkuta mzee Halidi chini ya paa la jiko, akamwamkia, akakaa. Hakumsimulia kitu. Aliuliza tu, "Baba mdogo, mama yake Hashiru alikuwa nani?"

"Zuwena," alisema. "Aliachika Hashiru bado ananyonya. Wakubwa wakasema mtoto abaki. Mimi nilikuwa kijana mdogo, lakini nakumbuka. Alikuwa anachechemea kidogo, mguu huu wa kushoto, aliumia akiwa mtoto."

Swaumu akasogea karibu.

"Hakuruhusiwa kupita mbele ya nyumba. Basi akawa anakuja nyuma, alasiri, wanaume wako shamba. Anapiga hodi. Anauliza, Hashiru yupo? Na mtoto yumo ndani, tumemshika. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa hafungui. Anamjibu palepale, hapa si kwako, pita mbele. Kila mara. Sisi wadogo tulikuwa tunacheka. Watu wa kijiji walikuwa wanayajua haya, wanayasema visimani."

"Halafu?"

"Halafu akaacha kuja. Tukasikia yuko Utete. Baadaye sana tukasikia amefia huko. Tulisikia tu. Hakuna aliyekwenda."

Kama Zuwena alikufa Utete, au hakufa, na bibi kizee mmoja aliyebakiwa na nguvu kidogo alikuwa amepata mwishowe kujua mwanawe anaishi wapi, Swaumu hajui mpaka leo. Alituma watu Utete. Mmoja alirudi akasema kweli palikuwa na Zuwena na amezikwa. Mwingine akasema yule aliyezikwa alikuwa mtu wa Kilwa. Visiga na mitaa ya jirani aliuliza pia, hakuna aliyempokea mgeni wa namna hiyo. Mlangoni hakurudi tena.

Wema alikuja na basi la asubuhi siku ya khitma. Hakuwa na maneno yale ya kwamba hadithi zinaharibu watu. Alisimama mlango wa nyuma kwa muda mrefu, akitazama mihogo, kisha akamuuliza mama yake jina la bibi yake lilikuwa nani, akalirudia mara mbili. Dua ikasomwa kwa Hashiru, na kwa Zuwena mama yake, popote alipo. Mama Elinipa alipika wali na watu wake wa kanisani, na mzee Halidi alikuja kutoka Maneromango, akakaa pembeni, hakula sana.

Kwa Bi Mwamvita, Swaumu alikwenda kumsimulia yote. Alipofika kwenye neno la bibi yake Hashiru, pita mbele, mikono ya Bi Mwamvita iliacha kumenya.

"Mimi nimekulia kijiji cha pili kutoka hapo," alisema. "Visimani tulikuwa tunasikia mengi. Nilidhani nimetunga."

"Utaiandika?"

"Hiyo? Hapana. Nilishamwandika mara moja bila kumjua, nikamfanya atishe watu. Inatosha. Mwache alale."

Macho ya Bi Mwamvita sasa hayaoni tena herufi za simu, na Ijumaa haingoji. Kwa hiyo Alhamisi Swaumu hufunga kibanda mapema, hupanda bodaboda ya Kiluvya, na mchana wote hukaa barazani penye bati jekundu na simu mkononi. Bibi anasimulia, yeye anaandika. Kundini hakuna aliyegundua lolote, ila mmoja aliandika kwamba mzee Matano siku hizi amekuwa hodari wa kueleza nguo za watu.

Alhamisi iliyopita walikuwa kwenye hadithi mpya, ya mwanamke anayeshona sare za shule, na kila akipima mtoto anakuta kipimo ni kilekile, mtoto yeyote, mkubwa kwa mdogo, bega kwa bega. Halafu mtoto wa mwisho kwenye foleni anamwambia bila kugeuka: mimi umeshanipima jana, na juzi.

Swaumu aliishusha simu. "Bibi, hapo umeniogopesha."

"Vizuri," alisema Bi Mwamvita. "Andika."